Ubao wa mashua, gunia la korosho na kifuu: kupamba sebule ya kisasa Mtwara kwa vitu vilivyokwisha tumika

Nianze na ukweli. Rafu iliyopo sebuleni kwangu, ile ambayo kila mgeni akiingia lazima aulize umenunua wapi hii, ilinuka papa karibu miezi miwili. Sio papa mwenyewe, ni sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mashua, na mume wangu alikuwa akirudi jioni anasimama mlangoni kwanza anauliza leo mboga papa tena? Kwa hiyo haya ninayoandika nimejifunza kwa pua yangu mwenyewe.

Sisi tumepanga hapa Chikongola, nyumba ya kawaida, sebule ndogo, ukuta wa bloku. Nilianza kama wengi tunavyoanza, unaona picha kwenye simu, sebule ya mtu huko Ulaya ina mbao za ghala na viti vya kiwandani, unaanza kutafuta vitu hivyo hivyo Mtwara, huvipati au ukivipata bei yake bora ununue kipya. Mpaka siku moja nimekaa zangu pwani nikaona wazee wanatengeneza mashua, mbao walizotoa wameziweka pembeni za kuni. Nikajisemea, kumbe na sisi tuna vyetu. Mbao za mashua, magunia ya korosho, vifuu, sufi. Ila nikuambie mapema, kutengeneza ndio kazi ndogo. Kazi yenyewe ni kuosha, kukausha na kusubiri, na ukiruka hapo utarudia upya kama mimi.

Kusubiri kwenyewe kuna msimu wake. Huku kwetu mvua ni za mara moja kwa mwaka, zinaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, na kipindi hicho hata chumvi ya jikoni inalowa ndani ya kopo, sasa ubao utakauka saa ngapi? Kusanya vitu vyako na uvikaushe kuanzia Juni mpaka Oktoba.

Twende kwenye mbao. Mikindani wapo mafundi wa mashua, ni kama kilomita kumi tu kutoka mjini, na sehemu nyingine nyingi za pwani utawakuta. Usifanye kosa la kuona mashua imelala mchangani imechakaa ukadhani imetupwa, hakuna mashua isiyo na mwenyewe, tena nyingine ina warithi watano na wote hawaongei. Nenda kwa fundi, muulize mbao anazotoa akiwa anabadilisha anaziuza vipi. Mimi nilipata vipande vinne, kila kimoja kama mita moja na nusu, pamoja na taruma mbili kwa sh 20,000. Taruma ni zile mbavu za ndani zilizopinda, usiziache, zina umbo ambalo seremala hawezi kukutolea kwa bei hiyo, mimi moja nimeifanya ya kutundikia mikoba na funguo pale mlangoni.

Kabla hujalipa, chukua msumari uchome ubao sehemu tatu nne. Ukizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, acha. Alafu angalia matundu. Matundu makubwa makubwa ya wadudu wa baharini sio shida, wale wakikosa maji ya bahari wanakufa, na ukishapiga msasa yanapendeza mno. Shida ni vitundu vidogo vya mviringo vyenye unga mweupe mpya unaomwagika ukigonga, huyo ni mdudu wa nchi kavu na yuko hai, ukimwingiza ndani atahamia kwenye kitanda na makochi. Ubao wa hivyo hata ukipewa bure kataa.

Sasa chumvi. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilizileta mbao nyumbani, nikaziacha juani wiki moja, zikaonekana kavu kabisa, nikapiga msasa nikapaka vanishi, jamani zilipendeza! Ilipofika Januari vanishi ikaanza kuvimba kama ngozi iliyoungua, chini yake kuna majimaji na unga mweupe. Kumbe chumvi iliyo ndani ya ubao inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo ubao unatoka jasho, na vanishi haina pa kushika. Ikabidi nikwangue yote.

Inavyotakiwa ni hivi: zimwagie maji baridi mengi, yaani yasiyo ya chumvi, au ziloweke kwenye pipa kama unalo, siku mbili, mwaga, rudia tena mara tatu au nne. Alafu kausha KIVULINI, juani zinapasuka, uzipange juu ya matofali na kati ya ubao na ubao weka vijiti hewa ipite, mwezi mzima au zaidi kwa ubao wa inchi moja. Utajuaje tayari? Asubuhi yenye unyevu pitisha mkono, ukikuta umelowa wakati mbao nyingine za hapo nyumbani ni kavu, bado chumvi ipo, rudia kuosha.

Harufu ya sifa nilijaribu majivu, nikajaribu ndimu, nikajaribu sabuni ya unga, zikapunguza kidogo tu. Dawa yake ni randa. Ukitoa milimita mbili tatu za juu, ndani ubao unakuwa safi isipokuwa umelowa sifa sana. Lakini kabla ya randa au msumeno kugusa, tafuta misumari, mana mashua ina misumari mingi na mingine imekatikia ndani huioni. Mimi natumia sumaku niliyotoa kwenye spika mbovu, naipitisha taratibu juu ya ubao, ikivuta naweka alama ya chaki. Seremala wangu aliharibu meno ya msumeno kabla hatujajua ujanja huu na ile hela nikalipa mimi.

Upande mmoja usiurande, uache na rangi zake za zamani, bluu juu ya kijani juu ya nyeupe, hapo ndipo uzuri ulipo. Ufute tu kwa kitambaa chenye maji, acha ukauke, paka vanishi isiyong'aa mikono miwili ili rangi isibanduke. Usiupige msasa mkavu upande huo, rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi na za chini ya mashua zinawekwa sumu ya kuzuia viumbe vya baharini, vumbi lake sio la kuvuta. Na kwa sababu hiyo hiyo ubao wenye rangi sipeleki chumba cha watoto, huko naweka uliorandwa pande zote. Msasa anza namba 80, kisha 120, malizia 220, na uvae barakoa.

Kupachika ukutani: kwenye bloku za mchanga mwingi, na zetu nyingi ni hivyo, drili usiiweke kwenye kugonga, toboa kawaida, la sivyo tundu linakuwa pango. Weka fisha ndefu, vile vya plastiki vya kushikia skrubu ukutani, engo tatu, yaani vyuma vya pembe vya kubebea rafu, kwa ubao wa mita moja na nusu, skrubu zisizoshika kutu. Misumari ya kawaida huku kwetu upepo wa bahari unaila mwaka mmoja tu inatoa michirizi myekundu ukutani. Na muulize mwenye nyumba kwanza, wangu alikubali baada ya kuiona ile rafu, sasa anataka na yeye.

Magunia. Korosho zinaondoka na magunia yake kwenda nje, kwa hiyo utakayopata mtaani ni yaliyochanika au mabovu, na hayo yanatosha, kwani unatafuta gunia zima la nini? Likung'ute nje, mbali na mtu mwenye pumu, ligeuze, lipige brashi. Lifue kwa maji baridi na sabuni ya unga, usiloweke zaidi ya nusu saa, maji ya moto yanalikunja. Anika juani mpaka ile harufu ya ghala iishe.

Kukata gunia kuna ujanja. Ukikata hivi hivi nyuzi zinafumuka mpaka unabaki na kamba. Kwanza vuta uzi mmoja mpaka utoke wote, utaacha mstari ulionyooka kabisa, ukate hapo, alafu papo hapo pitisha cherehani zigizaga ukingoni au paka gundi nyeupe ya mbao uache ikauke. Foronya ya sentimita 45 kwa 45 inakaa vizuri kwenye kochi. Upande wa nyuma weka kitambaa laini, kitenge au kanga iliyochoka, mana gunia pande zote mbili linakwaruza mgongo, wageni wataukalia huo mto kwa adabu tu.

Ndani jaza sufi. Tengeneza kwanza mfuko wa marekani uliofumwa vizuri, ujaze sufi ndani ya chumba madirisha yamefungwa na feni imezimwa (mimi feni nilisahau, siku tatu nyumba nzima ilikuwa na theluji). Sufi ni nyepesi, haina joto la sponji, ila inashika moto haraka sana, kwa hiyo mto usikae karibu na dawa ya mbu ya kuchoma wala mshumaa. Kila baada ya wiki mbili tatu uanike, unavimba upya.

Taa ya kifuu ni rahisi kuliko vyote na ndio ningekwambia uanze nayo. Chagua kifuu cha nazi iliyokomaa, kata juu kidogo kipate mdomo. Nje kikwangue kwa kipande cha chupa, bibi zetu walivyokuwa wanafanya kata za maji, hakuna msasa unaofanya kazi ile haraka hivyo, vaa glavu tu. Kisha msasa 120 na 220, chora nukta zako kwa penseli, kila nukta gonga kidogo kwa msumari ili ncha ya drili isiteleze, toboa matundu ya milimita 3 na 5 ukichanganya. Paka mafuta ya nazi kwa kitambaa, kinakuwa cheusi kinang'aa kama mpingo. Balbu weka ya LED wati 5 tu, zile balbu za waya za zamani zinachoma kifuu mpaka kinanuka, na acha tundu la juu la kutolea joto. Kuunganisha umeme muite fundi umeme. Vitatu kwa pamoja, urefu tofauti, juu ya meza ya chakula, usiku ukutani unaona nyota.

Mapaleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, watu wanayapenda sana, sitasema mengi. Angalia muhuri uliochomwa pembeni: ukiona HT, limetibiwa kwa joto, chukua. Ukiona MB, limepuliziwa gesi ya methili bromaidi ya kuua wadudu, usiliingize ndani. Lisilo na muhuri wowote hujui lilibeba nini, mimi naliacha.

Nyavu ukutani binafsi sipendi, inavuta vumbi na buibui na nyumba inakuwa kama baa ya ufukweni. Pipa la mafuta lililokatwa kuwa kiti linapendeza, lakini pipa lililowahi kuweka petroli au dizeli usimruhusu mtu alichomelee au alikate kwa grenda hivi hivi, mvuke uliobaki ndani unalipuka hata kama pipa ni tupu miaka.

Kuna vitu vya zamani ambavyo sio vya kuchukua kabisa. Milango ya kuchongwa ya Mikindani, najua inatamanisha, na kuna watu watakunong'oneza bei. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940, kwa hiyo hapo hununui pambo, unanunua kesi. Matumbawe nayo yaache baharini, sembuse huko Msimbati ambako ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, tangu 2000. Na maganda ya korosho, kuna mtu aliniuliza kama anaweza kuyabandika kwenye fremu ya kioo. Wee! Yale mafuta yake yanababua ngozi, muulize yeyote aliyewahi kubangua kwa mkono.

Sasa ukishavitengeneza vyote usivirundike chumba kimoja, sebule itafanana na kwa mnunuzi wa skrepa. Ukuta wangu nimepaka nyeupe iliyofifia, upande wa rafu hakuna kitu kingine, hata saa ya ukutani nimeihamisha. Mito ya gunia ni miwili kwenye kochi la watu watatu. Niliweka sita mwanzoni, shemeji yangu akaniuliza msimu wa korosho umeshafunguliwa?

Na kama umepanga kama mimi, funga kila kitu kwa skrubu, usitumie gundi wala simenti. Tukihama rafu inashuka kwa dakika kumi, fisha nazivuta kwa koleo, matundu naziba kwa skimu, ile lipu laini ya ukutani, na kugusa rangi ile ile niliyobakiza kwenye kopo la maziwa, nimeliandikia kabisa juu: UKUTA WA MZEE.