Chaja yako isidanganye kwenye ramani: kuunganisha kituo cha gari la umeme hatua kwa hatua

Chaja yangu ya kwanza niliifunga Voi, mji wa Kenya ulio kwenye barabara ya Mombasa na Nairobi, kwenye uwanja wa nyumba ya wageni. Wiki ya tatu akaja dereva wa Nissan Leaf, gari la umeme, kutoka Mombasa, betri imebaki asilimia 6. Ramani ya simu ilimwambia chaja iko wazi. Kumbe laini niliyotia kwenye modemu ilikuwa imeishiwa bando siku nne nyuma. Stima ipo, chaja nzima, ila haikuweza kumtambua mteja, basi ikamnyima. Alilala hapo, gari likachajiwa kwa soketi ya jikoni.

Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo nafuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Stima na ethi

Chaja ya ampea 32 kwenye volti 240 hubeba zaidi ya kilowati 7 saa nyingi mfululizo, kwa hiyo ipe waya wake na swichi yake kutoka kwenye bodi kuu. Udongo wa Voi ni mkavu, na fimbo moja ya ethi, ile ya kupeleka umeme uliovuja ardhini, mara nyingi haitoshi. Mafundi wengine humwaga ndoo ya maji, wanapima, wanaandika namba nzuri, wanaenda zao. Wewe ongeza fimbo, kisha rudi upime udongo ukishakauka.

Hatua ya 2: Soketi inayofaa magari ya huku

Leaf nyingi za mtumba hutoka Japani. Tundu lake la kuchaji polepole ni Type 1, na la kuchaji haraka ni CHAdeMO. Magari mengi yaliyotengenezewa soko la Ulaya hutumia Type 2 kwa polepole na CCS2 kwa haraka. Ukifunga soketi ya Type 2, weka mapokezi kebo moja ya kutoka Type 2 kwenda Type 1. Utashangaa itakavyoazimwa.

Hatua ya 3: Sikiliza gari na chaja zikizungumza

Kabla ya intaneti yoyote, gari na chaja huzungumza kwa waya mwembamba ndani ya plagi. Bila gari unapima volti 12. Ukichomeka, inashuka hadi 9. Gari likiwa tayari kupokea, inafika 6. Chaja nayo hutuma mawimbi 1,000 kwa sekunde, na upana wa wimbi ndio unaoliambia gari livute ampea ngapi: asilimia 53 ni kama ampea 32, asilimia 27 ni kama 16. Gari likikwama kwenye volti 9, lenyewe ndilo halijakubali. Mara nyingi utakuta dereva aliliwekea saa ya kuanza kuchaji akasahau.

Hatua ya 4: Laini, seva na pigo la moyo

Chaja nyingi huzungumza na seva, yaani kompyuta ya mbali inayozisimamia, kwa itifaki (lugha ya mawasiliano) ya OCPP, na toleo la 1.6 ndilo ninalokutana nalo zaidi. Utapewa anwani inayoanza na wss:// pamoja na jina la chaja. Angalia hapa: chaja nyingi huongeza jina hilo zenyewe mwishoni mwa anwani. Ukiliandika na wewe, litatokea mara mbili na seva itakataa. Ukiona ujumbe wa BootNotification, ambao chaja hujitambulisha nao ikiwaka, umejibiwa Accepted (imekubaliwa), umeingia.

Sasa weka Heartbeat, pigo la moyo la chaja, yaani ujumbe mfupi wa kuiambia seva kwamba ipo hewani, kila sekunde 300. Kisha mwambie mwenye seva jambo ambalo wengi hawalisemi: mapigo matatu yakikosekana, hali ya chaja isibaki Available (iko wazi). Iandikwe haijulikani.

Bado stima hupotea na bando huisha. Modemu ipe betri yake ndogo ili iwahi kutoa taarifa. Kwenye mipangilio ya chaja tafuta AllowOfflineTxForUnknownId, inayoruhusu kadi isiyojulikana kuanzisha chaji mtandao ukikatika, uiweke true (ndiyo), halafu acha kadi moja mapokezi. Mtandao ukikatika, mlinzi anagusisha kadi na mgeni anachaji. Mwenye nyumba alilalamika kwamba watu watachaji bure. Nilimwambia mgeni aliyekwama atamgharimu zaidi.

Hatua ya 5: Saa

OCPP huandika muda kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Aliyeanza kuchaji saa nne usiku, ripoti itamwandika 19:00. Kwenye tarifa ya magari ya umeme iliyoanza Kenya 2023, kila kWh (uniti moja ya umeme) ilikuwa KSh 8 usiku na KSh 16 saa za kawaida, kabla ya tozo nyingine. Mwenye nyumba akisoma 19:00 ataona saa moja jioni, atadhani umeme wake wote umeuzwa saa za bei ghali. Rekebisha kwenye ripoti. Saa ya chaja usiiguse.

Hatua ya 6: Ramani

OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, iwekee mambo yasiyobadilika tu: aina ya soketi, idadi, kilowati, saa za lango kufunguliwa. Alama iweke pale gari linapoegeshwa, ndani ya lango. Nimeona moja katikati ya barabara kuu, na kukata kona mbele ya malori ya Mombasa ukitafuta chaja si mchezo. Andika pia iko upande gani kwa anayetoka Nairobi.

Hali ya sasa hivi, wazi au ina gari, hupita njia nyingine: seva yako huzipa programu za madereva taarifa hiyo kwa itifaki ya OCPI, inayounganisha seva na seva. Hakikisha muda wa taarifa ya mwisho unatumwa nayo. Dereva akiona taarifa ni ya juzi, atapiga simu kwanza.

Hatua ya 7: Barabara yenyewe

Ramani ya ndani ya Leaf ya Japani inajua chaja za Japani, kwa hiyo simu ndiyo daraja. Mwelekeze dereva achague programu inayohesabu mwinuko. Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 150, na unapanda zaidi ya mita 500. Kupandisha tu gari la tani moja na nusu hula kama kWh 2, kabla hujahesabu upepo na kiyoyozi. Betri kuukuu ya kWh 24 itaisikia. Kushuka ni raha.

Hatua ya 8: Jaribio

Omba gari la rafiki, chaji dakika kumi, hakikisha simu ya mtu aliye mbali inaonyesha chaja ina gari. Ondoa gari. Kisha chomoa modemu pamoja na betri yake, kanywe chai zaidi kidogo ya robo saa, urudi uangalie ramani. Kama bado inasema iko wazi, rudi hatua ya 4.