Kukata na kuziba mifuko ya samaki kwa mashine ya kuvuta hewa

Nimeandika haya kwa ajili ya wifi yangu wa Wete, ambaye mifuko yake ilikuwa ikifura tena ndani ya friza, na kwa yeyote anayenunua samaki wengi siku za bamvua.

1. Roli. Nunua roli, achana na mifuko iliyokwisha katwa. Nguru mzima haingii mle, na kipande kimoja cha jodari kinakupotezea nusu ya plastiki. Roli la upana wa sentimita 28 linatosha kazi nyingi. Upande mmoja lazima uwe na mistari ya mwinuko. Plastiki ikiwa laini pande zote mbili hujigandamiza, hewa ikakosa pa kupitia, na mashine za nyumbani haziiwezi.

2. Kukata. Pima kwa futi ya kushonea. Urefu wa samaki, ongeza sentimita 10: 2 za mshono wa chini, 8 za mdomo. Upana: zungusha futi kwenye tumbo la samaki, gawa kwa mbili, ongeza 3.

Ukitaka mifuko myembamba, ya kamba au vipande vya pweza, kata kipande kisichozidi urefu wa waya wa kuzibia. Kigeuze ubavu, ziba mistari miwili sambamba iliyoachana kwa sentimita 1, kisha pitisha mkasi katikati yake. Umepata mifuko miwili.

3. Ziba chini.

4. Mdomo. Hapa ndipo mifuko mingi inapoharibikia, na watu huilaumu mashine. Tone moja la maji ya samaki, au mafuta, au gamba, likikaa pale waya unapopita, plastiki haishikani sawasawa. Jioni mfuko umekaza, asubuhi umelegea.

Kwa hiyo kabla ya kutia chochote, kunja mdomo kwa nje kama mkono wa kanzu, sentimita 5 hivi. Tia samaki, kunjua, halafu futa ndani kwa karatasi kavu hata kama unaona pakavu.

Pweza haitoshi kumfuta. Ana maji mengi, na mashine ikianza kuvuta huyaleta yote mdomoni. Mgandishe kwanza juu ya sinia, bila mfuko, mpaka awe mgumu, ndipo umfungashe. Wala usimpige: kugandishwa kwenyewe kunamlainisha. Samaki wa kupaka na mchuzi wowote, fanya vivyo hivyo.

Nyoosha mdomo kwa mikono miwili, pasiwe na mkunjo. Mshono mzuri huonekana angavu, umenyooka bila kukatika. Ziba mara ya pili, nusu sentimita juu ya ule wa kwanza. Mimi siuruki mshono wa pili hata siku moja. Baina ya mfuko na mfuko ipumzishe mashine kidogo, maana waya ukizidi joto huyeyusha plastiki badala ya kuishikisha. Umeme ukiwa mdogo, subiri.

Miba ya changu na mapezi hutoboa. Kata mapezi, funika ncha za miba kwa karatasi nene ya jikoni.

5. Friza. Andika jina na tarehe, kisha mara moja kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kuondoa hewa hakumfanyi samaki akae mezani, wala friza ikizimika mfuko haumwokoi. Bakteria wa botulizimu hustawi pasipo hewa, na sumu yake haina lazima ya kunuka. Umeme ukikatika usifungue mlango: friza iliyojaa hushika baridi kiasi cha saa 48, iliyojaa nusu, kiasi cha saa 24.

6. Kuyeyusha. Pasua mfuko kwanza, hewa iingie, ndipo uweke samaki kwenye bakuli ndani ya friji. Mfuko uliokaa samaki mbichi utupe, usiuoshe kuutumia tena.