Kabla Hujahamia Mji wa Pwani: Mambo ya Kuzingatia kwa Mtu Aliyezoea Dodoma

Kila ifikapo Juni na Julai, upepo wa baridi unapopasua midomo na vumbi likiingia hadi kwenye sufuria, hukutana na wastaafu wenzangu, na mara nyingine wageni kutoka nje waliomaliza mikataba yao ya kazi hapa makao makuu, ambao wameamua kwamba miaka iliyobaki wataiishi ufukweni. Siwakatazi. Mimi mwenyewe niliondoka Nkuhungu, hapa hapa Dodoma, na lori lililojaa, nikakaa Pangani, mkoani Tanga, miaka miwili na miezi kadhaa, kisha nikarudi na nusu ya vitu nilivyokwenda navyo. Kwa hiyo, kabla hujatoa kodi ya mwaka, nisikilize.

Kwanza amua unataka mji wa namna gani, kwa sababu neno "pwani" linafunika mambo mengi yasiyofanana. Tanga ni jiji lenye bandari, soko kubwa na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, na mtu anaweza kuishi huko bila kuikumbuka bahari kila siku. Bagamoyo iko kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam, na ukaribu huo, pamoja na kuwa faida, ndio unaopandisha bei ya viwanja. Kilwa Masoko na Lindi zina utulivu ambao watu wengi huuota, lakini utulivu huo unategemea barabara moja: Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilipoharibu madaraja eneo la Somanga, mawasiliano ya barabara kati ya Dar es Salaam na mikoa ya kusini yalikatika, na mwenye mgonjwa hakuwa na njia nyingine ya karibu. Mafia na Zanzibar ni za boti au ndege, na mtu anayeugua kichefuchefu baharini ajipime mapema.

Kwa mgeni asiye raia, karatasi zitangulie mizigo. Kibali cha ukaazi cha daraja A ni cha mwekezaji, B ni cha mwajiriwa, na mstaafu kwa kawaida huangukia daraja C. Ukimaliza kazi, kile cha ajira hakikufuati ufukweni. Ardhi nayo ina masharti yake: chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Nimeona watu wakikwepa sharti hilo kwa kuandikisha kiwanja kwa jina la rafiki au mchumba, na urafiki ulipokwisha kiwanja kilibaki na mwenye jina. Kumbuka pia kwamba ardhi si jambo la Muungano, hivyo uzoefu wako wa hati za Dodoma hautakusaidia Zanzibar, hata kama wewe ni raia wa Bara.

Raia naye asijione salama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na mikoko ni msitu unaolindwa, haifyekwi ili upate mandhari. Dalali atakuonyesha kiwanja "kinachogusa maji" kama sifa. Hiyo si sifa. Ukiwa Pangani, waulize wazee habari za kisiwa cha Maziwe, ambacho kilikuwa na miti na kasa walikuwa wakipanda kutaga. Bahari iliimega ardhi yake hadi likabaki fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Bahari inayoweza kula kisiwa haitaogopa ukuta wako wa matofali.

Maji ya kunywa: onja kisima mwishoni mwa kiangazi, si baada ya masika. Sisi wa Dodoma tumezoea maji yenye ladha ya chumvi, tunadhani tunajua, lakini kisima cha pwani hubadilika, kwa sababu watu wakivuta maji mengi kuliko yanayorudishwa na mvua, maji ya bahari husogea chini kwa chini kuja kujaza nafasi. Kisima kitamu cha mwaka huu si ahadi ya mwaka ujao.

Sasa nifike kwenye jambo lililonirudisha Nkuhungu. Nilikwenda kuitazama nyumba mwezi wa Novemba. Bahari ilikuwa imelala kama maji ya beseni, upepo mwanana, baraza likitazama maji, na kutoka barazani hadi mahali maji yanapofika nilihesabu hatua 80. Nilikaa siku tatu, nikalipa kodi ya mwaka mzima papo hapo, nikarudi kufunga mizigo: makochi, vitabu, friji, mashine mbili za fotokopi na maboksi ya karatasi, maana nilikuwa nimepanga kufungua steshenari ndogo kwenye chumba cha mbele ili pensheni isiwe peke yake.

Nilihamia Januari, kaskazi, ule upepo wa kutoka kaskazini, ikivuma. Dalili zilianza kwa vitu vidogo ambavyo nilivicheka. Chumvi ya mezani iliganda, viberiti vikawa haviwaki, kufuli la geti likahitaji mafuta kila wiki. Kisha karatasi zikaanza kuvuta unyevu, zikapinda kingo, mashine ikawa inameza tatu kwa pamoja na kukwama mbele ya mteja aliyeshika fomu ya kuomba kazi. Nilidhani karatasi ni mbovu, nikabadilisha aina. Nilidhani mashine imechoka, nikaisafisha. Ilipoingia kusi, upepo wa kutoka kusini, pamoja na masika, upepo huo ulibeba mvuke wa chumvi hadi ndani, ukipita kwenye nyavu za madirisha na chini ya milango, na asubuhi ungeweza kuandika jina lako kwa kidole juu ya meza. Vitabu vilivyokaa Dodoma miaka 20 bila doa viliota ukungu ndani ya miezi mitatu. Viatu vya ngozi vilikuwa vya kijani.

Siku moja bibi jirani, ambaye nyumba yake ilikuwa nyuma ya minazi na kuipa bahari kisogo, alinikuta nikisugua grili kwa msasa. Akaniuliza, "Mwanangu, hii nyumba uliitazama mwezi gani?" Nikamwambia Novemba. Akatikisa kichwa, akasema, "Tanga mbili. Wakati huo hata bahari ina adabu." Ndipo nilipojifunza kwamba tanga mbili ni majuma ya kati ya kaskazi na kusi, ambayo upepo haujajua uende wapi, na kwamba mimi nilikuwa nimechagua makazi yangu kwa kutazama majuma hayo tu.

Mashine ya kwanza ilikufa Julai. Fundi aliyetoka Tanga aliifungua, akanionyesha bodi ya ndani ikiwa imeota kutu ya kijani kwenye kila kiungo cha shaba, kisha akauliza, kwa upole uliouma kuliko tusi, "Mzee, maduka yote ya fotokopi hapa mjini yapo mtaa wa nyuma. Hukujiuliza kwa nini?" Sikuwa nimejiuliza. Nilikuwa nimefurahi kwamba sina mpinzani. Ya pili ilifuata kabla ya mwaka kuisha, friji ikatoboka kwenye mabomba, na mwenye nyumba, ambaye sina ugomvi naye kwa kuwa hakunidanganya hata neno moja, alikataa kurudisha kodi ya miezi iliyobaki.

Basi fanya hivi. Nenda mara tatu: wakati wa kaskazi, wakati wa masika, na kusi inapovuma kwa nguvu, na kila safari ulale si chini ya juma moja, tena kwenye nyumba ya wageni ya kawaida isiyo na kiyoyozi. Usiitazame bahari; tazama bawaba, misumari, mabati na vyuma vya madirisha vya majirani, na uulize vimewekwa lini. Muulize fundi friji ni mtaa gani unaompa kazi nyingi, kisha usipange mtaa huo. Angalia wenyeji wa zamani wamejenga wapi na milango yao inaelekea wapi. Ukikuta zege lenye nyufa na nondo zilizovimba, huenda lilichanganywa kwa mchanga wa ufukweni, maana chumvi ikikutana na unyevu huozesha chuma, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe hadi inapasua zege kutoka ndani. Nyumba kama hiyo usiichukue hata kwa nusu ya kodi. Kilomita moja au mbili kutoka majini, nyuma ya miti, utapata upepo ule ule ukiwa umeacha chumvi nyingi njiani, na bahari utaifuata kwa miguu jioni.

Mengine ni mafupi. Malaria ya pwani si ya Dodoma, na mikoa ya Mtwara na Lindi hasa ina mzigo mkubwa kuliko wetu. Chandarua kiende kwenye begi la mkononi, si kwenye lori. Pima mwendo wa kufika hospitali ya rufaa usiku wa mvua, si mchana wa kiangazi. Jifunze bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, kabla ya kuogelea au kuvuka fungu kwa miguu, kwani maji yanayokupa njia asubuhi huichukua mchana. Usizibe njia ya wavuvi kwenda dikoni, mahali wanapoegesha vyombo vyao, hata kama hati inasema ni yako. Mwezi wa Ramadhani usile barabarani, na siku zote salimia kwanza, jirani yako ndiye atakayekuambia kisima kimeanza kuingia chumvi. Usiende na fedha yote ya kiinua mgongo. Kiwanja cha Dodoma usikiuze mwaka wa kwanza, wala wa pili, mpangishe mtu. Vyeti halisi waachie watoto huku kwenye ukavu, uende na nakala. Nguo za sufu hutazihitaji. Na kufuli za nje nunua za shaba.