Nunua skafu kwanza: jinsi ya kupatanisha skafu, viatu na maua ya kuvaa msimu wa joto

Joto likianza tu butiki ndogo zinabadilika sura, skafu za maua zinaning'inia mlangoni, viatu vya njano na pinki na kijani vimepangwa mbele, pale kaunta kuna kikapu cha vibanio na hereni za maua, na ukiingia kila kitu kinakuita. Shida inakuja nyumbani. Skafu umenunua kwa sababu ni nzuri, viatu kwa sababu ni vizuri, ua kwa sababu ni zuri, ukivivaa pamoja vinagombana na ukivaa kimoja kimoja unaona kuna kitu kimepungua, mwisho vinakaa kabatini mpaka joto linaisha. Mi skafu ndio kitu ninachokipenda kuliko nguo zote, na mtu akiniuliza aanzie wapi jibu langu ni moja: anza na skafu, halafu viatu na ua vichukue rangi kutoka ndani ya skafu hiyo hiyo.

Kwa nini skafu na sio viatu? Kwa sababu skafu ina rangi nyingi na kiatu kwa kawaida kina moja au mbili, kutafuta kiatu kinachoendana na skafu ni rahisi sana, kutafuta skafu inayoendana na kiatu ambacho tayari umeshanunua utazunguka mpaka uchoke.

Ukiipata unayoipenda itandaze yote, usiiangalie ikiwa imekunjwa maana pale unaona ua moja tu, na hesabu rangi zake. Kuna rangi ya chini, ile iliyojaza kitambaa, kuna rangi ya maua, ya majani, halafu ukisogeza macho karibu kuna rangi ndogo ndogo, vidoti katikati ya ua, mstari mwembamba kwenye pindo. Sasa hizo ndogo ndio za viatu. Tuseme skafu ni ya bluu, maua ya orenji, majani ya kijani, na katikati ya kila ua kuna njano kidogo sana: chukua viatu vya njano. Watu wengi wanakimbilia viatu vya bluu kwa sababu bluu ndio nyingi, na sio kosa, ila inakuwa kama sare, lakini ukivaa njano mtu anakuangalia miguuni halafu macho yanapanda yenyewe kwenye skafu anakuta ile njano ipo, anaona umependeza hata kama hajui kwa nini. Nguo ya katikati iache iwe ya rangi moja, nyeupe, krimu, jinzi ya kawaida, au rangi ya majani ya skafu kama unajiamini.

Halafu usiamini taa za dukani. Balbu nyingi zinavuta kwenye unjano, pinki inageuka pichi, bluu inageuka karibu kijani, kwa hiyo omba utoke nayo mpaka mlangoni uiangalie kwenye mwanga wa jua, na uiweke karibu na uso, sio mkononi. Hii ya karibu na uso ina sababu yake. Kuna mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alikuwa anasimamia kazi ya rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins kule Paris, watu wakawa wanalalamika kwamba nyuzi nyeusi hazijakolea, akachunguza akakuta nyuzi hazina tatizo lolote, tatizo ni rangi zilizokaa pembeni yake, na mwaka 1839 akachapisha kitabu kizima kuelezea kwamba rangi inabadilika machoni kutokana na jirani yake. Ngozi yako ni jirani ya skafu. Skafu hiyo hiyo inaweza kumng'arisha mwenzako na wewe ikakufanya uonekane umechoka, na hakuna jedwali la kukwambia, ni kuiweka chini ya kidevu na kuangalia kioo. Kama kitu cha kwanza unachokiona ni macho yako, chukua. Kama unaiona skafu kwanza, rudisha.

Kama unanunua kwa simu muombe muuzaji akupigie picha dirishani mchana, na aweke karatasi nyeupe pembeni ya skafu. Ile karatasi ikitoka ya njano au ya bluu kwenye picha basi ujue na rangi za skafu zimedanganywa kiasi hicho hicho. Wenye butiki ndogo mara nyingi hawakatai, wana vitu vichache na wanavijua kimoja kimoja, hiyo ndio raha ya kununua kwao.

Sasa kitambaa, na hapa naomba usiharakishe kwa sababu joto halina huruma shingoni. Neno shifoni au satini halikwambii skafu imetengenezwa na nini, hayo ni majina ya namna kitambaa kilivyofumwa, shifoni inaweza kuwa hariri na inaweza kuwa polista, yaani nyuzi za plastiki. Tafuta lebo ndogo pembeni. Kwenye hewa ya kawaida pamba inabeba unyevu karibu asilimia 8 ya uzito wake, hariri kama asilimia 11, polista haifikishi hata asilimia 1, ndio maana skafu ya polista ikiwa shingoni mchana jasho linabaki juu ya ngozi linateleza tu. Pamba nyepesi, kitani, hariri, viskosi (nyuzi zinazotokana na miti), zote zinafaa joto. Polista sio mbaya kwa kila kitu, ina rangi kali na haikunjamani, ila ifunge kwenye mkoba au kiunoni juu ya nguo. Lebo ikiwa imekatwa chomoa uzi mmoja kwenye pindo ukifika nyumbani, ushike kwa kibanio cha chuma juu ya sinki, uwashe: pamba inanuka kama karatasi inayoungua na inabaki jivu laini, hariri inanuka nywele zilizoungua, polista inayeyuka inajikunja kuwa kipunje kigumu.

Angalia na upande wa nyuma. Skafu nzuri rangi imepenya, nyuma na mbele vinakaribiana, maana ukiifunga nyuma itaonekana tu, huwezi kuificha. Pindo lililokunjwa na kushonwa kwa mkono linakuwa nene kidogo na limejaa kama uzi wa mviringo, la mashine linakuwa bapa, yote mawili yanadumu kama uzi haujaachia, vuta kidogo kila kona uone.

Na kuna kupima kama inachuja. Mi nilivaa skafu nyekundu mpya juu ya blauzi nyeupe siku ya joto, jioni kola yote ilikuwa pinki na haikutoka mpaka leo, niliumia sana maana ile blauzi nilikuwa naipenda. Tangu siku hiyo nachukua kitambaa cheupe cha pamba nakilowesha, nakibonyeza kwenye kona ya skafu kama dakika moja, kikitoka na rangi basi skafu inafuliwa peke yake na haivaliwi juu ya nyeupe mpaka itakapoacha. Utaambiwa uloweke kwenye chumvi na siki ili rangi ishike. Rangi ya kiwandani ikishakosa kushika kwenye pamba, siki ya jikoni haiirudishi, kinachosaidia ni kusuuza kwa maji baridi mara kadhaa mpaka maji yawe meupe.

Kufunga. Skafu ya mraba ya kawaida ni sentimita 90 kwa 90, na ukiikunja kona kwa kona unapata urefu wa kama sentimita 127, ndio maana haikunjwi upande kwa upande, pia kitambaa kikikunjwa kimshazari hivyo kinavutika kidogo na kinaizunguka shingo vizuri bila kusimama. Ianze kwenye kona, ikunje kunje mpaka upate mkanda wa upana wa vidole vitatu, zungusha shingoni, na fundo lifunge hivi: ncha ya kulia ipite juu ya ya kushoto, vuta, halafu ncha ambayo sasa iko kushoto ipite juu ya ya kulia, vuta. Fundo hilo linalala bapa na ncha zinaenda pembeni kama mabawa. Ukirudia kulia juu ya kushoto mara mbili ncha moja inapanda juu na nyingine inashuka, na fundo linaachia, wengi wanaolalamika kwamba skafu haikai wanakosea hapo tu. Kichwani, ikunje pembetatu, upande mrefu kwenye paji la uso, ncha zipite nyuma zifungwe juu ya ile kona inayoning'inia. Hariri inateleza kwenye nywele, vaa kwanza mkanda mwembamba wa pamba ndio uifunge juu yake.

Ndogo za sentimita 50 hivi funga mkononi au kwenye mpini wa mkoba. Ndefu inakaa vizuri kiunoni badala ya mkanda, ila ukiwa unapanda pikipiki au baiskeli ncha zote zichomekwe ndani ya nguo, tafadhali. Mcheza dansi Isadora Duncan alifariki mwaka 1927 pale Nice, Ufaransa, skafu yake ndefu ilinaswa kwenye gurudumu la gari alilokuwa amepanda. Hili nalisema kila mara na sitaacha kulisema.

Viatu nunua mchana umeshaenda au jioni. Kwenye joto mishipa ya damu inatanuka na maji yanashukia miguuni, mguu wa jioni ni mnene kuliko wa asubuhi, kiatu cha wazi kilichokutosha asubuhi mikanda yake itakukata jioni. Simama juu ya karatasi kisigino kikiwa kimegusa ukuta, weka alama mbele ya kidole kirefu, pima kwa sentimita miguu yote miwili (mara nyingi mmoja umezidi), chukua ule mkubwa ongeza kama sentimita moja, namba hiyo ndio umtumie muuzaji, umuulize urefu wa ndani wa soli, achana na saizi iliyoandikwa maana kila kiwanda kina yake.

Ukikishika kiatu kikunje. Kinatakiwa kijikunje pale vidole vinapoanzia, kikijikunja katikati ya unyayo hakitakubeba. Ingiza vidole vya mkono ndani upapase mshono wote, kitu unachokisikia kwa mkono ndicho kitakachokupa malengelenge, hasa nyuma ya kisigino. Kiatu cha ngozi chenye rangi kali sugua ndani kwa tishu nyeupe yenye unyevu, kikitoa rangi kitakupaka miguu ukitoa jasho. Espadrili, vile vyenye soli ya kamba, ni vyepesi na navipenda kwa skafu za maua kuliko kiatu chochote, lakini kamba ile ni juti, zile zile nyuzi za magunia, ikilowa inavimba na inaanza kuoza, kwa hiyo ukiona wingu vaa kingine, na vikichafuka futa kwa kitambaa chenye unyevu, usivitumbukize kwenye maji.

Maua sasa. Skafu ikiwa na maua makubwa, ua la kuvaa liwe moja na liwe la rangi moja, na likae mbali na skafu: skafu shingoni, ua kwenye mkoba au kiunoni, au skafu kwenye mkoba, ua kwenye nywele. Skafu ikiwa ya mistari au ya rangi moja hapo ndio unaweza kuachia ua kubwa la rangi tatu. Kwenye nywele liweke nyuma kidogo ya jicho, juu ya sikio, likikaa katikati ya kichwa linakufupisha uso.

Kabla hujalipa geuza ua uone mgongo wake. La kushonwa linadumu. Lililobandikwa kwa gundi ya moto angalia sana, gundi ile inalainika kwenye joto, ukiliacha kwenye gari juani petali zinaachia. Pini ya kubandika usiichome kwenye hariri tupu, itatoboa na uzito utavuta kitambaa, ichome kwenye fundo pale vitambaa vimekaa vingi, au weka kipande kidogo cha kitambaa kigumu nyuma yake. Hereni kama zinakuwasha masikio mara nyingi ni nikeli, muulize muuzaji kama zina nikeli, usivumilie ukidhani utazoea, mzio huo hauzoeleki.

Kufua ni kwa ufupi. Hariri fua kwa mkono, maji yasizidi nyuzijoto 30, na shampuu ya nywele kidogo, hariri ni protini kama nywele zako ndio maana shampuu inaifaa. Usiikamue, izungushe ndani ya taulo ubonyeze, anika kivulini kwa sababu jua linapausha rangi haraka na nyekundu na pinki ndio huwa zinaenda mapema. Pasi fuata nukta kwenye lebo, nukta moja ni joto la chini, mbili la wastani, tatu la juu, na hariri ipigwe ikiwa na unyevu kidogo upande wa nyuma. Pafyumu jipulizie kabla, ikauke, ndio uvae skafu, ile alkoholi yake inaacha doa kwenye hariri.

Msimu ukiisha viatu vya rangi nyepesi vijaze karatasi nyeupe, gazeti linaacha wino. Skafu zizungushe kama mkeka badala ya kuzikunja, zisipate mistari. Ua la kitambaa lililobonyea lishike juu ya mvuke wa birika kwa sekunde chache, mkono ukae mbali, nyoosha petali moja moja kwa vidole zikiwa bado zina joto, liache lipoe, halafu liweke kwenye kopo peke yake bila kitu juu.