Mambo ya kuzingatia kabla hujapeleka kaseti yako ya faiba kwa mkaguzi wa hataza

Kila mwezi wa saba ukifika, simu yangu haitulii. Vijana wa Kigoma na Tabora wanajiandaa kwa maonyesho ya Nane Nane ya Kanda ya Magharibi pale Ipuli, Tabora, na kila mwenye kitu alichotengeneza kwa mkono wake anataka kukiweka mezani watu wakione. "Kaka, nina kifaa cha faiba, nataka hataza, naanzia wapi?" Anamaanisha patenti, ile haki ya pekee ya mvumbuzi juu ya alichobuni. Huwa sijibu kwanza, nauliza: umeshaandika? Siulizi kama umeshatengeneza. Nauliza umeandika nini, na ukurasa wa ngapi.

Mimi ni fundi wa mkongo, yaani nyaya za faiba, nyuzi nyembamba za kioo zinazobeba mawasiliano kwa mwanga. Kwetu ni Ujiji, kazi zangu nyingi ziko Tabora, na kiangazi cha Tabora anayefungua makabati ya mawasiliano anakijua. Vumbi linapenya kila mahali. Kiini cha faiba ya modi moja kina upana wa mikromita 9 hivi, kwa hiyo chembe ambayo jicho halioni inatosha kuziba njia ya mwanga. Ndiyo maana tunafungua kaseti, yaani visanduku vya kuunganishia nyuzi za faiba, tunasafisha, tunafunga, halafu baada ya wiki tunarudi tena. Katika kufungua na kufunga huko ndiko nilikopata wazo langu, na ndiko lilikoanzia kosa langu. Nitalifikia.

Kwanza ujue mkaguzi anatafuta nini. Anatafuta mambo matatu: kitu kiwe kipya, kiwe na hatua ya uvumbuzi, yaani kisiwe jambo ambalo fundi yeyote angelifikia kirahisi, na kiweze kutumika viwandani. La tatu halimsumbui mtu wa faiba. La kwanza linaua wengi. La pili linaua waliobaki.

Upya maana yake ni upya wa dunia nzima, hauishii Tabora wala Tanzania. Kama kuna karatasi ya Kijapani ya mwaka 1994 yenye mchoro unaofanana na wako, basi chako si kipya, hata kama hujawahi kuisikia Japani ikitajwa kwenye mkongo. Kwa hiyo tafuta kabla ya kutumia hata shilingi moja. Hifadhi za hataza mtandaoni zipo: Espacenet ni bure, Google Patents ni bure, na PATENTSCOPE ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani ni bure pia. Usitafute kwa maneno tu, kwa sababu kaseti moja inaitwa moduli hapa, trei pale, sanduku kwingine. Tafuta kwa namba za uainishaji, zile ambazo ofisi za hataza huzitumia kupanga hataza kwa mada. Konekta za faiba, yaani vichwa vya kuunganishia, ziko G02B 6/38, nyaya na makabati yake yako G02B 6/44, na ukishuka hadi G02B 6/4455 unakutana na kaseti zinazopangwa kwa jinsi zinavyotoka na kuingia kwenye raki, fremu ya kubebea vifaa: za kuteleza, za kuzunguka, za bawaba. Kaa hapo siku tatu. Soma michoro kwanza, maneno baadaye. Ukikata tamaa siku ya pili ni dalili nzuri, maana sasa umeanza kuona ukubwa wa msitu.

Usimwonyeshe mtu kabla ya kuwasilisha. Hili kila mtu analisema, nami nalisema. Marekani wanakupa mwaka mmoja wa neema baada ya wewe mwenyewe kuonyesha, lakini nchi nyingi hazina huruma hiyo, au wanayo ndogo yenye masharti. Usiitegemee.

Sasa lile ambalo hakuna aliyeniambia.

Kaseti yangu ilikuwa ya kawaida kwa nje. Nyuma ina konekta moja ya aina ya MPO yenye nyuzi 12, mbele ina adapta sita za aina ya LC, kila moja ikipokea nyuzi mbili, na ndani nyuzi zinatawanyika kutoka nyuma kwenda mbele. Tatizo nililotaka kulitatua ni lile la kusafisha. Ukivuta trei ya ndani, nyuzi zinavutika na kukunjwa pembeni ya bawaba, na mkunjo ukiwa mkali mwanga unavuja. Kuna faiba za siku hizi, kama G.657A2, zinazovumilia mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 7.5, lakini si kila kaseti ina faiba hiyo, na si kila fundi ana subira.

Nilichofanya ni kutoboa pini ya bawaba. Nilikata kipande cha bomba la shaba la mafundi friji, la robo inchi, nikakifanya ndiyo pini yenyewe, kisha nyuzi zote 12 nikazipitisha katikati ya bomba. Ukifungua trei, nyuzi hazivutwi wala hazikunjwi. Zinajisokota kidogo tu ndani ya bomba, na ukifunga zinarudi. Nilipima mara nyingi, trei ikiwa imefungwa na ikiwa wazi kabisa, na tofauti haikuonekana kwenye mita. Usiku ule sikulala kwa furaha.

Kisha nikaenda kuandika maombi. Aliyenisaidia alikuwa mtu wa mjini, mwenye nia njema, na ushauri wake ulikuwa: andika kwa ufupi, siri ya kazi usiitoe. Niliona ni busara. Nimekulia kati ya watu ambao mganga hataji jani, na fundi mzuri hakuonyeshi mkono wake wa kulia. Nikaandika "trei inayofunguka kwa bawaba, yenye mpangilio wa kulinda nyuzi". Kwenye mchoro nikachora bawaba kama duara mbili, moja ndani ya nyingine, bila namba na bila maelezo. Bomba la shaba sikulitaja. Upenyo wa katikati sikuutaja. Nilikipeleka kiwiliwili kwenye hataza nikauacha moyo nyumbani.

Baada ya kuwasilisha nikajiona nimelindwa. Agosti ile nikapanda Ipuli na kaseti yangu, nikaweka meza, nikaifungua mbele ya kila aliyepita, na nikaeleza kwa kidole: nyuzi zinapita hapa, katikati ya pini. Kijana mmoja akarekodi kwa simu. Alikuwa amefurahi kweli, na jioni ileile video ilikuwa mtandaoni, mimi mwenyewe naisimulia siri yangu kwa sauti yangu.

Barua ya mkaguzi ilikuja baadaye sana. Alikuwa amepata hati mbili za zamani. Ya kwanza ilikuwa na kaseti yenye trei ya bawaba. Ya pili ilikuwa na kingo za mviringo zinazoongoza nyuzi karibu na bawaba zisikunjwe. Hoja yake ilikuwa nyepesi: fundi wa kawaida akiwa na hati hizi mbili mezani angeziunganisha bila kuumiza kichwa, kwa hiyo hakuna hatua ya uvumbuzi. Huu si ukorofi wa mkaguzi mmoja. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2007, katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex iliyohusu pedali ya mafuta ya gari, ilisema hivyohivyo: kuunganisha vitu vinavyojulikana vikatoa matokeo yaleyale yaliyotarajiwa hakukufanyi mvumbuzi.

Nilijibu kwa kujiamini. Kurasa nne. Nikaeleza bomba, nikaeleza nyuzi kujisokota badala ya kukunjwa, nikaambatisha vipimo. Jibu lilikuwa fupi kuliko nilivyostahimili kulisoma: hoja za mwombaji zinategemea jambo ambalo halimo katika maombi kama yalivyowasilishwa.

Hapo ndipo nilipojifunza kanuni ambayo ofisi za hataza karibu zote zinaifuata. Baada ya kuwasilisha, unaweza kupunguza, kufafanua na kupanga upya madai yako, yaani sentensi zinazosema unataka kulindiwa nini, lakini huwezi kuongeza jambo jipya kwenye maelezo. Kile ambacho hakikuwa kwenye karatasi siku ile, kwa mkaguzi hakijawahi kuwepo. Mkaguzi alikuwa sahihi. Nilisoma maombi yangu mwenyewe mara tano nikitafuta bomba, na halikuwamo.

Nikasema basi, niwasilishe maombi mapya, safari hii na bomba ndani. Nikakumbuka video. Ilikuwa na tarehe yake, na ilikuwa na zaidi ya miaka miwili mtandaoni. Maombi ya kwanza hayakuilinda pini yenye upenyo kwa sababu hayakuitaja. Nilikuwa nimewasilisha, ndiyo, lakini kuwasilisha kunalinda kile ulichoandika tu. Kila nilichokionyesha Ipuli nje ya kile nilichoandika, nilikitoa bure.

Kwa hiyo, mdogo wangu, andika yote. Hataza ni makubaliano: wewe unaeleza jinsi kitu kinavyofanya kazi hadi fundi mwingine aweze kukitengeneza, na dola inakupa haki ya pekee kwa muda. Ukitaka kuficha, ficha, lakini usiombe hataza. Kwa kaseti ya faiba, andika kila sehemu na kazi yake. Toa vipimo kwa upana: usiseme bomba la milimita 6 tu, sema kati ya 4 na 8, na ikiwezekana 6. Taja njia mbadala, bomba la plastiki, bomba lenye mpasuo wa kupitishia nyuzi bila kuzikata, pini mbili fupi badala ya moja ndefu. Eleza sababu, si umbo pekee. Weka jedwali la vipimo vya upotevu wa mwanga, na upime kwa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1550 pamoja na 1310, kwa sababu mkunjo unajitokeza zaidi kwenye 1550. Chora trei ikiwa imefungwa, ikiwa nusu, ikiwa wazi. Kata kaseti katikati uchore ndani. Kisha mpe fundi mwenzako maelezo hayo, mtu unayemwamini na aliyetia saini kutunza siri, umwambie atengeneze bila kukuuliza chochote. Kila swali atakalouliza ni shimo kwenye maombi yako.

Madai nayo yapange kwa ngazi. La kwanza liwe pana, mengine yashuke yakibana, ili la juu likianguka usianguke nalo. Na kila neno lipimwe. Corning, kampuni ya Marekani ya faiba, ilipeleka malalamiko ya kaseti na trei zenye msongamano mkubwa mbele ya Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani, na mwaka 2021 tume hiyo ikazuia bidhaa zinazokiuka hataza zake zisiingie nchini humo. Kampuni ya FS, mojawapo ya zilizolalamikiwa, ilikata rufaa mahakamani, na hukumu ikatoka Aprili 2023. Mojawapo ya ugomvi ulikuwa kama dai linalosema "uwazi wa mbele" kwa umoja linajumuisha kaseti yenye uwazi zaidi ya mmoja. Mahakama ikasema ndiyo, umoja huo unabeba kimoja au zaidi. Ugomvi mwingine ulihusu dai la "angalau" miunganiko 98 ya faiba kwa kila yuniti ya raki, yaani kimo cha milimita 44.45. Wapinzani walisema angalau haina mwisho, kwa hiyo mvumbuzi anadai hata kile asichojua kukitengeneza. Mahakama ikakubaliana na tume kwamba kwa mtu wa fani hiyo kuna kikomo, kama 144. Corning walinusurika. Wewe usiache neno "angalau" likining'inia bila kuandika mahali pengine kikomo chake ni kipi na kwa nini.

Kuhusu wapi pa kupeleka: Tanzania Bara ni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Zanzibar ina sheria na usajili wake, usidhani moja inabeba nyingine. ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika lenye makao Harare, inapokea maombi mamoja na wewe unachagua nchi, kama Kenya, Uganda, Zambia au Malawi. Ukiwasilisha Tanzania kwanza, una miezi 12 ya kipaumbele kupeleka kwingine ukahesabiwa tarehe ileile. Miezi 12, si 13. Hataza ya Tanzania peke yake haivuki ziwa. Mtu wa Kalemie au Bujumbura akitengeneza na kuuza kwao, huna la kumfanya. Watu wa Kigoma wanasahau hili kwa sababu kwao ng'ambo ni safari ya boti.

Barua za mkaguzi zina siku za mwisho. Kama unatumia sanduku la posta, nenda kila wiki. Ukisafiri kwenda saiti Kasulu au Urambo mwezi mzima, mwachie mtu ufunguo. Ada za kila mwaka nazo zipo, ziandike kwenye kalenda ya ukutani, simu hupotea.

Ukiona barua yenye nembo nzuri kutoka ofisi ya nje usiyoijua, inayodai ulipe dola ili uvumbuzi wako uingizwe kwenye "rejista ya kimataifa", usilipe. Maombi yakishachapishwa, majina na anwani huwa wazi, na matapeli huyasoma. Piga simu kwanza ofisi uliyowasilisha.

Weka daftari la kazi lenye tarehe, kurasa zilizoshonwa, si karatasi za kuchomoa. Vipande vilivyoharibika usitupe. Mkataba na mwenzio wa kutengeneza uandikwe kabla ya kifaa kufanya kazi. Vipimo vya mita vihifadhi mahali pawili.

Na pale Ipuli, kama ni lazima uende na kaseti, funga kifuniko kwa skrubu, si kwa klipu, na bisibisi uiache nyumbani.