Somo: "Start from scratch" haihusu kujikuna

Ukiitafsiri neno kwa neno utapata "anza kutoka mkwaruzo", na hapo ndipo wengi hukwama. Kwa hiyo hatua ya kwanza: weka kamusi kando, nenda uwanjani.

Zamani Uingereza, mstari wa kuanzia mbio ulichorwa kwa kukwaruza ardhi. Mkwaruzo huo ndio "scratch". Katika mbio za kupeana nafuu, wanyonge walisogezwa mbele, naye mwenye kasi zaidi akaanzia pale pale mstarini, bila kupunguziwa hata hatua moja. Ndondi nazo zilikuwa na mkwaruzo wake: kwa kanuni za London za 1838, bondia aliyeangushwa alipewa sekunde 30 apumue, kisha sekunde 8 ajikokote mwenyewe hadi mstarini katikati ya ulingo. Akishindwa, kwisha habari yake.

Hatua ya pili, maana. Ni kuanza bila nafuu yoyote, bila kazi iliyotangulia ya kuegemea. Sisi tungesema kuanza sifuri.

Hatua ya tatu, itumie:

"The file was lost, so I started from scratch." Faili lilipotea, ikabidi nianze upya kabisa.
"She built the company from scratch." Kampuni aliijenga kutoka sifuri.
"He baked the cake from scratch." Unga alikoroga mwenyewe, hakununua mchanganyiko wa pakiti.

Umeona? Kitenzi hubadilika, mkia "from scratch" haubadiliki. Mimi huwaambia wanafunzi wakariri mkia tu.

Maswali

Swali: Mbona nasikia watu wakisema "from the scratch"?
Jibu: Wanakosea. Hilo "the" lichomoe. Ni kosa la kawaida mno, hata kwa waliobobea.

Swali: Kuna tofauti gani na "start over"?
Jibu: "Start over" lazima uwe ulishaanza mara moja. "From scratch" hailazimishi. Yule wa keki hakuwahi kuunguza ya kwanza. Ukitaka zote mbili, sema "start over from scratch", hakuna atakayekucheka.

Swali: Naweza kuiandika kwenye barua ya kuomba kazi?
Jibu: Unaweza, si lugha ya mtaani. Ila taja ulichokijenga. "I built the filing system from scratch" inaeleweka. "I started from scratch" peke yake itamwacha msomaji akijiuliza ulianza nini.