Kufundisha wanafunzi useremala: kisanduku cha kwanza, kuanzia alama mpaka mafuta

Kuna mwalimu mwenzetu nilikuwa namsaidia, kapewa kipindi cha useremala, na visanduku vya wanafunzi wake vyote vilikuwa vinacheza mezani, yani ukibonyeza kona moja ya pili inainuka. Yeye alishahukumu kwamba watoto hawajui kushika msumeno. Msumeno haukuwa na kesi yoyote, shida ilikuwa kwenye alama. Basi naweka hapa utaratibu mzima ninaoutumia.

Hatua ya 1: Darasa zima kitu kimoja

Kisanduku kisicho na mfuniko. Mbao laini kama paini, upana sm 10, unene sm 2. Mbavu mbili za sm 30, vichwa viwili vya sm 16 vinavyokaa katikati ya mbavu, kwa hiyo kwa nje unapata 30 kwa 20. Kitako ni plaiwudi. Msianze na stuli jamani, najua wanafunzi wataomba stuli, wakatalieni.

Hatua ya 2: Usalama

Miwani, nywele zifungwe, mikono mirefu ikunjwe, ubao ubanwe kwa klampu au jiriwa, usishikiliwe kwa goti. Hayo mnayajua.

Hatua ya 3: Kupima na kuweka alama

Hapa tenga kipindi kizima na msumeno usionekane kabisa mezani.

Kwanza futi ya chuma, ile ya utepe unaovutwa. Wanafunzi wakiona ile ndoano ya mwanzo inacheza mbele na nyuma watakwambia mbovu, na siku moja utakuta kuna mjanja kaigonga kwa nyundo ili ikaze. Waelezee mapema: inacheza makusudi, na inacheza kiasi sawa na unene wake yenyewe, ili ukiivuta kwenye ukingo wa ubao au ukiisukuma kwenye ukuta namba itoke ileile. Iliyokazwa inadanganya upande mmoja.

Pili skwea, yani kile kifaa cha kuchorea na kukagua pembe mraba, na hii ndo iliyomtesa yule mwalimu. Skwea ikianguka chini mara kadhaa inaweza kupoteza pembe na kwa macho huoni kitu. Kuipima ni hivi: chukua ubao wenye ukingo ulionyooka kweli, egemeza skwea, chora mstari kwa penseli kali. Igeuze iangalie upande wa pili, ilete pale pale mstari ulipoanzia, chora tena. Mistari ikilaliana, skwea nzima. Ikiachana kama miguu ya bikari, skwea imekwisha, na ujue hilo pengo unaloliona ni kosa mara mbili, yani mwachano wa milimita 2 kule mwisho ni kosa la milimita 1. Tulipopima zake, zile za plastiki karibu zote zilikuwa mbovu. Bora skwea 2 za chuma darasa zima wazungushiane kuliko kila mtu na ya plastiki yake, hapo mtanisamehe, sina mjadala. Ila jaribio lenyewe lina sharti: ukingo wa ubao ukiwa na tumbo utailaumu skwea bure, kwa hiyo piga randa kwanza au tumia ukingo wa kiwandani wa plaiwudi.

Tatu, kila ubao uwe na uso mmoja na ukingo mmoja uliotiwa alama, na skwea iegemezwe hapo tu. Mstari uzungushwe pande zote nne. Ukirudi ulikoanzia ukakutana, sawa, ukipishana usikate, futa urudie.

Nne, usiruhusu kila mtu apime sm 30 kwa futi mara mbili. Apime ubavu mmoja, ule wa kwanza ukishakatwa ndo uwe kipimo cha wa pili. Mbavu zikiwa urefu mmoja hata kama zote ni sm 29.8 kisanduku kitakaa, zikitofautiana hakikai.

Hatua ya 4: Kukata

Kila mtu aweke X upande wa kutupa na msumeno upite upande huo, kwa sababu meno nayo yanakula upana wake. Kwa wanaoanza napenda msumeno wa Kijapani unaokata ukivuta, bamba ni jembamba na halijikunji ovyo, shida yake ukipinda meno ndo basi. Msumeno wa umeme kipindi cha kwanza sitaki hata kuusikia.

Hatua ya 5: Kuunga

Toboa tundu kwanza, jembamba kidogo kuliko skrubu, la sivyo kichwa cha ubao kinapasuka. Sehemu iliyokatwa inakunywa gundi sana, kwa hiyo paka nyepesi, subiri dakika chache, paka tena ndo uunge. Kabla gundi haijashika pima kona kwa kona, mara mbili kwa msalaba. Vipimo vikilingana kimekaa mraba, visipolingana bana klampu kufuata ule mrefu mpaka vilingane. Kisha kiache mpaka kesho.

Hatua ya 6: Kitako

Simamisha fremu juu ya plaiwudi, chora kuzunguka, kata, gundi na misumari midogo.

Hatua ya 7: Msasa na mafuta

Namba 80, 120, 180, kufuata nyuzi za mbao. Barakoa ni lazima, maana vumbi la mbao limewekwa na IARC, lile shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kuleta saratani. Mkipaka mafuta ya kitani, vitambaa vilivyolowa visikunjwe wala kurundikwa kwenye ndoo ya taka, vinapata joto vyenyewe mpaka vinawaka. Vitandazwe nje kimoja kimoja mpaka vikauke kabisa, na hiyo kazi uifanye wewe mwalimu, usimwachie mwanafunzi wa zamu.